Boti Haijazama, Dagaa Wamekwama: Jibu kwa Dada wa Kibirizi

"Habari za kazi kaka. Mi nafanya biashara ya dagaa hapa Kibirizi Kigoma, pembeni ya Ziwa Tanganyika, nanunua mwaloni, nakausha, natuma Dar, Mabibo. Wiki mbili zilizopita usiku boti mbili ziligongana karibu kabisa na mwalo, moja ikaingiza maji, watu wakaruka, maji yenyewe ya kiunoni, kijana mmoja akavunjika mkono, basi. Asubuhi naamka nakuta mtandaoni HOFU YATANDA KIGOMA, BOTI YAPATA AJALI ZIWANI, ABIRIA WAJITOSA MAJINI. Jioni kukawa na video WhatsApp boti inazama watu wanalia. Mteja wangu wa Mabibo akapiga akaahirisha gunia 12, eti wateja wake hawawezi kula dagaa wa ziwa lenye maiti. Maiti zipi kaka? Mama yangu tangu siku ile halali, wajukuu hawaruhusiwi hata kwenda kuoga ziwani. Mi nauliza, kwa nini vyombo vya habari Kigoma wanaiona kukiwa na wakimbizi, kipindupindu, majambazi na ajali tu? Wanalipwa kutuchafua? Nimemwandika yule mwandishi kwenye grupu letu la wafanyabiashara kwamba amekula hela. Nifanyeje, na hivi niache kabisa kufuatilia habari? Video nakutumia uione."

Dada yangu, pole kwa hizo gunia 12, na pole zaidi kwa mama. Kabla sijasahau, kile ulichomwandika mwandishi kwenye grupu kifute leo. Huna ushahidi kwamba kala hela, na ukimtaja mtu kwa jina mbele ya grupu zima kwamba ni mla rushwa anaweza kukushitaki kwa kumchafua, juu ya hapo kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ambayo kusambaza taarifa ya uongo ni kosa na haiulizi kama ulikuwa na hasira. Halafu mi nadhani hajala hela kweli. Ntakueleza kwa nini, manake huyo mwandishi nishawahi kuwa mimi.

Mi ni mtu wa Tabora. Kabla sijawa mhariri na kabla ya hii kazi ya kufundisha nilikuwa mwandishi wa kujitegemea, yani huna mshahara, unalipwa kwa stori iliyotoka, isiyotoka hurudishiwi hata nauli. Kuna mwaka nilikaa Sikonge siku tatu nafuatilia bei ya asali, jinsi mlanguzi anavyomkuta mfugaji nyuki ana shida ya ada ya shule anampa bei anayotaka yeye, nikahoji watu, nikapiga mahesabu, nikaandika vizuri tu. Haikutoka. Mwezi uleule kwenye kijiji kimoja nyuki wakavamia watu msibani, sababu ni moshi, akinamama walikoka moto wa kupikia chini ya mti wenye mzinga, watu wanne wakapelekwa zahanati jioni wakarudi nyumbani. Nikaandika maneno kama 150 hivi nikatuma nikasahau. Kesho yake ukurasa wa mbele: NYUKI WA AJABU WAVURUGA MAZISHI TABORA.

Hilo "wa ajabu" sikuliandika mimi. Liliwekwa Dar usiku na mtu ambaye hajui ule mti wala ule moshi, na moshi wenyewe ukakatwa kwenye habari kwa sababu nafasi haikutosha. Nikalipwa. Wiki iliyofuata kuna bibi mmoja pale kijijini akaanza kunyooshewa vidole, na we unaijua kanda yetu, ukishasema ajabu watu wanatafuta mchawi, na mchawi anayepatikana haraka ni bibi mjane mwenye macho mekundu ya kuni. Mtoto wake ilibidi aje kumchukua akakae naye mjini. Yule bibi nilimfahamu mpaka jina, aliyeongeza lile neno hata leo sijui ni nani.

Sasa rudi kwenye boti yako. Habari inapita mikono mingi kabla haijakufikia na kila mkono unaivuta kidogo. Mwandishi wa mkoani kapigiwa simu saa tano usiku, yuko Mwanga hapo mjini au yuko Kasulu kabisa, anapiga simu mbili tatu, anatuma. Mhariri anaikuta kati ya habari nyingine nyingi, anaipunguza. Kichwa cha habari anaandika mtu mwingine, hili watu wengi hawalijui, mwandishi mara nyingi anakiona kichwa siku ileile na wewe. Halafu kuna kijana wa mitandao kazi yake ni kuhakikisha watu wanabonyeza, anakiongezea chumvi. Halafu wale wa YouTube wanasoma habari ya mwenzao juu ya picha ya mawimbi ambayo sio ya ziwa lenu. Mwisho kabisa ni shangazi wa mtu, anatuma kwenye grupu la familia na maneno "tuwaombee ndugu zetu Kigoma". Hakuna hapo hata mmoja aliyekaa akapanga kuichafua Kigoma. Ingekuwa njama ingekuwa rahisi, ungemtafuta aliyepanga.

Na hebu kiangalie vizuri kile kichwa, manake kimetengenezwa na fundi. Boti imepata ajali? Ndiyo. Ziwani? Ndiyo. Abiria wamejitosa majini? Wamejitosa, we mwenyewe umesema waliruka, maji ya kiunoni ni maji. Ukienda kulalamika kwamba wamesema uongo watakushinda, hakuna neno la uongo pale. Kilichofanyika ni kuacha, wameacha kiuno, wameacha hatua chache mpaka nchi kavu, wameacha kwamba hakuna aliyekufa. Neno pekee lisilo na mwenyewe ni "hofu yatanda". Nani kaogopa, wangapi, kapima nani? Mkoa wa Kigoma kwa sensa ya 2022 una watu karibu milioni 2.5, unaanzia Kakonko unashuka mpaka ufukwe wa kusini huko Uvinza, kutoka Kibirizi mpaka Kibondo peke yake ni zaidi ya kilomita 200 za barabara, sasa hiyo hofu ilitanda vipi usiku mmoja na watu wamelala? Ukiona yatanda, yatikisa, yaibuka, wananchi wapigwa butwaa, ujue hapo hapana mtu aliyehojiwa. Mi darasani wanafunzi wangu nikiwakuta na "yatanda" nakata maksi.

Kwa nini Kigoma wanaiona kwa mabaya tu. Hili lina historia, na bahati nzuri inaanzia jirani kwenu. Mwaka 1965 Wanorwe wawili, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walitoa utafiti kuhusu magazeti manne ya kwao yalivyoandika migogoro ya Kongo, Cuba na Cyprus. Kongo ndo hiyo ng'ambo ya ziwa unayoiona milima yake hali ya hewa ikiwa safi. Walichouliza ni kwamba matukio yako mengi duniani, linalopita likawa habari lina sifa gani? Wakatoa orodha: liwe kubwa, liwe la ghafla, liwe baya, liwahusu wakubwa au nchi kubwa, liwe na mtu unayeweza kumwonyesha kidole, likubaliane na kile wasomaji wanachokitegemea tayari. Na moja ambayo mi naiona ndo mama wa yote, liwe na mwendo unaolingana na mwendo wa gazeti. Gazeti linatoka kila siku, basi tukio lililoanza na kuisha ndani ya siku linaingia vizuri, linaloenda polepole halina siku yake.

Fikiria ziwa lenyewe. Miaka hii maji yalivyopanda yakala nyumba na mialo, si Kigoma tu, mpaka Bujumbura na Uvira na Kalemie, kidogo kidogo, leo ngazi moja baada ya miezi ngazi nyingine. Kwa mtu wa Kibirizi hiyo ni habari kubwa kuliko boti yoyote. Lakini mhariri akiuliza "nini kimetokea leo?" utamjibu nini, maji yamepanda kama jana? Boti ikigongwa saa nne usiku, hiyo ina saa. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, mi nilifuatilia, siku ya kufunga habari zilijaa, siku ya kufungua zikajaa, katikati pale ambapo nyie wenye dagaa mlikuwa mnaishi kwa mkopo, kimya. Katikati hakuna tukio, kuna maisha.

Ongeza gharama. Kigoma ni mwisho wa reli, kumtoa mwandishi Dar kilomita zaidi ya 1,200 aje akae wiki aandike kuhusu mawese au kahawa ya Kalinzi ni hela, na hela hiyo inarudi vipi? Ila wakimbizi wakivuka mpaka kutoka Burundi, ndege zinakuja, mashirika yanakuja na magari, mwandishi anapata lifti. Kwahiyo Kigoma inasikika siku kuna lifti. Na mhariri asiyewahi kufika, kichwani mwake Kigoma ni hizo siku tu, ndo ile sifa ya "kinachotegemewa", ikija habari ya jambazi inakaa kirahisi, ikija habari ya kijana aliyetengeneza mashine ya kukamua mise, yani mbegu za michikichi, anauliza "hii ni Kigoma kweli?"

Sisi wasomaji tumo pia, usikasirike. Kulikuwa na tovuti ya Marekani inaitwa Upworthy, habari moja walikuwa wanaipa vichwa kadhaa wanajaribisha kipi kinabonyezwa zaidi. Watafiti wakachukua vile vichwa zaidi ya 105,000 wakavichambua, matokeo yakatoka 2023: kila neno baya moja likiongezwa kwenye kichwa cha urefu wa kawaida, kubonyezwa kunapanda kama asilimia 2.3. Unaona ndogo, lakini chumba cha habari kina skrini inaonyesha dakika kwa dakika habari ipi inasomwa, na kijana wa mitandao anapimwa kwa hiyo skrini. Vichwa vya kutisha hakuvisomea, amejikuta huko baada ya kila siku kufundishwa na vidole vyetu. Na wewe dada kile kichwa ulikibonyeza, si ndo maana unakikumbuka neno kwa neno?

Sasa kwa nini kilimshika mteja wa Mabibo kiasi cha kuogopa dagaa. Binadamu tunapima hatari kwa jinsi mfano unavyokuja haraka kichwani, wanasaikolojia Tversky na Kahneman waliliandika hilo 1973, lakini bibi zetu walilijua, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na Watanzania kwenye boti na ziwa tumeumwa. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama, mamia ya watu wakafa, na walioishi miaka ile wanakumbuka watu walivyogoma kula samaki wa Ziwa Victoria. Septemba 2018 MV Nyerere pale Ukara, zaidi ya watu 200. Kwahiyo ukiandika boti, ziwa na hofu kwenye mstari mmoja, huhitaji kuandika maiti, msomaji atazileta mwenyewe kutoka 1996. Mteja wako hajadanganywa, kakumbushwa. Hili ni la muhimu kwenye namna ya kuongea naye, ntalifikia.

Ila pia nisikudanganye kwamba habari ya kutisha siku zote ni chumvi. Mei 2015 kule Kagunga mpakani makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wamekwama kwenye kijiji kidogo kati ya mlima na maji, meli ya Liemba ikiwabeba mia chache kila safari kuwaleta Kigoma, kipindupindu kikapiga, wagonjwa wakafika 3,000 hivi na waliokufa wakapita 30, wakiwemo na wenyeji. Zile habari zilitisha na zilitakiwa kutisha, tena zilisaidia dawa na boti kufika. Watu wakitaka vyombo vya habari viandike mazuri tu huwa nawauliza, Kagunga wangeifanyaje? Enzi za redio moja ya taifa, kabla ya miaka ya 90, hakukuwa na hofu yatanda, kweli kabisa, lakini mabaya mengi hayakufika pia. Mi sitaki turudi huko. Ninachotaka ni kile kiuno kiandikwe.

Haya, ya kufanya. Kwanza mteja, manake dagaa hawasubiri. Usimtumie maneno ya kwamba ile habari ni uongo, ukikanusha unaanza kwa kumrudishia boti kichwani. Anza na ukweli wenyewe: nenda mwaloni asubuhi, piga video ya dakika moja, vipe, yani boti za kuvulia dagaa, vinarudi, karabai zinashushwa, dagaa wanamwagwa kwenye vichanja, taja tarehe kwa mdomo wako, mwambie kijana mmoja kavunjika mkono na hakuna aliyefariki. Mtumie yeye aitume kwa wateja wake. Baada ya hapo mpigie, usichati. Pengine gunia 12 zitarudi sita, sikuahidi zaidi ya hapo.

Pili, chombo kilichoandika. Unaweza kunyamaza, na kwa kweli wengi wananyamaza, baada ya wiki habari imeshazikwa na nyingine. Ukiamua kulalamika, lalamika kama mfanyabiashara anayedai deni, sio kama mtu aliyetukanwa. Barua fupi kwa mhariri, sio kwa mwandishi: habari yenu ya tarehe fulani, kichwa hiki, haikusema kina cha maji wala kwamba hakuna kifo, sentensi ya "hofu yatanda" haina chanzo, mimi nilikuwepo, hawa wengine wawili walikuwepo, naomba marekebisho na nyongeza hiyo. Usiweke njama, ukishaandika "mnatumiwa" mhariri anaacha kusoma hapohapo, nakwambia nimekaa kile kiti. Wasipojibu, kuna Baraza la Habari Tanzania, lipo tangu 1995, linasikiliza malalamiko dhidi ya vyombo na kupatanisha, na kwa redio, televisheni na maudhui ya mtandaoni kuna TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ina Kamati ya Maudhui. Inachukua muda, na marekebisho yakitoka yatakuwa kiboksi kidogo mahali ambapo hakuna anayeangalia, lile ghadhabu lako halitapoa kwa kiboksi. Faida yake ni kwamba mhariri aliyeandikiwa barua ya maana na mtu wa Kibirizi, safari ijayo ikija habari ya Kibirizi anakumbuka kuna mtu anasoma. Na kama ingekuwa wamekutaja wewe kwa jina au biashara yako, hapo usiandike peke yako, tafuta wakili au wale wa msaada wa kisheria hapo mjini ukae nao uso kwa uso kwanza.

Halafu yule mwandishi wa mkoani, mtafute. Mwombe radhi kwa yale ya grupu, mpe namba yako. Hana gari, hana mshahara pengine, anategemea simu mbili tatu za usiku. Moja ikiwa yako, "maji ya kiunoni" itaingia kwenye habari kabla haijafika Dar. Hii ndo naiamini kuliko barua zote.

Umeuliza uache habari kabisa. Ukiacha kabisa utajuaje ziwa linafungwa lini? Ila unaweza kuchagua saa. Mi nasoma asubuhi mara moja na jioni redio, magrupu nimezima mlio. Na nikikutana na cha kutisha nauliza kati ya wangapi, lini, wapi hasa, nani kasema, nikikosa majibu mawili siitumi popote.

Mama ndo ananitia wasiwasi zaidi. Huko Marekani miaka ya 1970 mtafiti George Gerbner alikuwa anafuatilia watu wanaokaa sana mbele ya televisheni, akakuta wanaiona dunia ni ya hatari kuliko wenzao wasioangalia sana. Mama anayekesha na redio na simu yuko kwenye shimo hilohilo, na kumwambia "acha woga mama" hakusaidii, atanyamaza tu aendelee kuogopa kimya. Mpunguzie simu usiku, mpe kazi ya asubuhi mwaloni akae na watu waliotoka ziwani waongee. Lakini wiki mbili bila kulala kwa mtu mzima ni nyingi, hasa kama ana presha, au moyo unamwenda mbio, au hali chakula. Usimalizie kwangu hapa, mpeleke hospitali ya Maweni au kituo cha afya cha karibu amuone daktari, aseme kama alivyokuambia wewe, kwamba halali na anaogopa. Hayo ni maradhi kama mengine na yana msaada.

Ile video nimeitazama mara nne. Kabla hujaenda na mama hospitali kaa naye, izime sauti manake vile vilio ndo vinamuumiza, isimamishe kwenye sekunde ya 20 pale kamera inapogeuka ufukweni, mwambie aangalie miti ile nyuma iliyosimama na mizizi juu ya matope. Ni mikoko, miti ya maji ya chumvi. Yeye kazaliwa Ujiji kakulia kwenye ziwa hilo, muulize ni wapi kuanzia Kagunga mpaka Kalya amewahi kuona mkoko.